Akiba ya umeme wa halmashauri iwe na mfuko wake

Tulio Ujerumani tukiulizwa nchi hii inafanya nini juu ya mabadiliko ya tabianchi, haraka tunataja mitambo ya upepo na sola za juu ya mapaa. Vipo, na ni vingi. Ila ningepewa nafasi ya kuchagua kitu kimoja cha kupeleka kwenye halmashauri zetu Tanzania, ningepeleka utaratibu wa hesabu wa Jiji la Stuttgart.

Tangu 1995 ofisi ya mazingira ya jiji hilo inaendesha mfuko wa ndani. Shule ikitaka kubadilisha taa, au bwawa la kuogelea likihitaji boila mpya, mfuko unatoa fedha bila riba. Bili ikishuka, idara husika inaendelea kutenga kiasi kilekile ilichokuwa ikilipa zamani, na tofauti inaingia kwenye mfuko mpaka deni liishe. Kuanzia hapo akiba ni ya idara yenyewe, na fedha zilizorejeshwa zinahamia jengo linalofuata. Kinachowezesha yote haya ni kwamba jiji linafuatilia matumizi ya nishati ya majengo yake tangu miaka ya 1970, kwa hiyo hakuna wa kubishana na namba.

Kwetu jambo hili linakwama mahali padogo sana. Ofisi inanunua LUKU, umeme ukiisha inanunua tena, na risiti zinaishia kwenye faili la malipo. Mhandisi akipunguza matumizi, fedha iliyobaki inamezwa na mafuta ya magari au posho za vikao. Mwaka unaofuata anaomba fedha za jengo la pili akiwa hana hata karatasi moja ya kuonyesha kilichookolewa kwenye la kwanza.

Tupige hesabu ya jengo moja. Chukua ofisi yenye taa 200 za tyubu za zamani. Tyubu ya wati 36 pamoja na choki yake (kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye taa) inakula kama wati 45. Ya LED inakula 18. Hapo umepunguza wati 27 kwa kila taa, yaani kilowati 5.4 kwa jengo zima. Zikiwaka saa 8 kwa siku, siku 22 kwa mwezi, ni yuniti 950. Kwa bei ya takriban shilingi 356 kwa yuniti pamoja na kodi, ni kama shilingi 338,000 kila mwezi. Tukiweka shilingi 10,000 kwa taa, ufundi ukiwemo, gharama yote ya milioni 2 inarudi ndani ya miezi sita.

Kinachoharibu hesabu hii nakijua. Fundi anachomeka tyubu ya LED na kuacha choki ya zamani kwenye mstari: taa inawaka, lakini choki inaendelea kula umeme na mara nyingine inaiua taa yenyewe. Choki itolewe kwenye mzunguko na stata iondolewe. Pia taa za bei ya chee hazihimili umeme unaopanda na kushuka, kwa hiyo mkataba wa ununuzi udai dhamana ya miaka miwili, na muuzaji alipwe sehemu ya mwisho baada ya miezi kadhaa.

Mfuko wa kuzungusha si mgeni kwetu. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa kwa muda 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho yasiyorudi. Mfuko wa nishati una nafuu hapo: mkopaji ni jengo la halmashauri yenyewe, halihami wala halibadilishi jina.

Jiko la shule ni gumu zaidi. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 2024, na nia ni njema kabisa. Lakini kuni shule huletewa kwa mali kauli, wakati gesi inataka fedha mkononi kabla mtungi haujashuka garini. Na pale ambapo wazazi ndio wanaochanga kuni, hakuna shilingi inayookolewa, hivyo mfuko hauna cha kurejeshewa. Jiko la namna hiyo lipewe ruzuku, tusijidanganye kwamba litajilipa.

Na benki je? Fedha zipo. Mwaka 2023 hatifungani ya kijani ya benki ya CRDB, yaani mkopo unaochukuliwa kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya mazingira, ilitafuta shilingi bilioni 40 na wawekezaji wakaleta zaidi ya bilioni 171. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilitoa hatifungani ya bilioni 53.12 ya miaka 10 yenye riba ya asilimia 13.5, ikitegemea bili za wateja wake. Riba hiyo iangaliwe kwa makini: kwa mkopo wa masharti hayo, ukilipwa kwa marejesho sawa, mradi unaochukua zaidi ya miaka mitano na ushee kurudisha gharama zake hauwezi kulipa deni kutokana na akiba peke yake. Taa na pampu zinapita. Ukarabati mkubwa wa paa na kuta haupiti, ndiyo maana nasema halmashauri ianze na mfuko wake usio na riba, kisha iende benki ikiwa na daftari la miaka mitatu la akiba iliyopimwa. Afisa mikopo anajua namna ya kusoma daftari hilo.

Madiwani wanachotakiwa kupitisha ni kasma (fungu la bajeti) moja ya pekee ambayo akiba haiwezi kuhamishwa kutoka humo kwenda matumizi mengine. Baada ya hapo mhandisi asome mita za majengo yote kila Jumatatu kwa miezi mitatu kabla hajagusa waya wowote, maana bila namba za kabla hatakuwa na cha kumwonyesha mweka hazina baadaye.