Taya la juu likiisha mfupa, anza na la chini

Mzee wa miaka 78 anakuja na lalamiko moja: meno bandia yanacheza, nyama haitafuniki. Picha ya CT inaonyesha kwamba nyuma ya taya la juu kumebaki mfupa wa milimita 2 au 3, wakati implanti ya kawaida, ile skrubu ya titani inayopandikizwa kwenye mfupa ili ishike meno bandia, ina urefu wa milimita 8 hadi 13. Hapo wengi huanza kuhesabu implanti. Mimi ningeanza kwa kuuliza ni meno yapi hasa yanayocheza, ya juu au ya chini.

Mfupa huo umeliwa pande mbili. Magego yaking'olewa, mfupa wa ufizi hupungua kimo, kwa kasi zaidi mwaka wa kwanza, na huku juu yake sinasi, ule uwazi wa hewa ulio nyuma ya shavu, inatanuka kuja chini. Aliyebakiwa na meno yake ya mbele ya chini tu ana shida ya ziada, kwa sababu anatafunia mbele miaka yote. Mfupa wa mbele juu unayeyuka, unabaki ufizi mtupu, ukiusukuma kwa kidole unayumba kama ndewe la sikio.

Njia ya kwanza anayotajiwa ni kuongeza mfupa. Daktari anakata dirisha dogo ubavuni mwa taya na kukutana na utando wa sinasi, mwembamba kama ngozi ya ndani ya ganda la yai. Ukiwa mzima, unauona ukitikisika mgonjwa anapopumua. Unanyanyuliwa taratibu, na chini yake panajazwa chembe za mfupa, mara nyingi wa ng'ombe uliosafishwa. Utando hupenda kuchanika kwenye kona za dirisha, au pale sinasi inapogawanywa na ukuta wa mfupa. Tundu dogo hufunikwa kwa kiraka cha kolajeni. Likiwa kubwa, unafunga na kurudi baada ya miezi kadhaa. Hata yote yakienda sawa, ni kusubiri miezi 6 hadi 9, kisha implanti, kisha kusubiri tena. Kwa umri huo naona ni kumchosha mtu bure.

Njia ya pili hailigusi suala la kuongeza mfupa. Per-Ingvar Brånemark, Mswidi aliyemwekea mgonjwa wake wa kwanza implanti za titani mwaka 1965, ndiye pia aliyeanzisha zile ndefu, milimita 30 hadi 52.5, zinazokwenda kushika kwenye mfupa wa shavu. Zikikaza vizuri, kwa nguvu ya kuzungusha ya niutoni-sentimita 35 hivi, mgonjwa anaweza kuvaa meno ya muda ndani ya siku chache. Lakini zinapita jirani na tundu la jicho, sinasi inaweza kuvimba hata miaka baadaye, na ikiharibika moja, kuitoa ni operesheni nyingine. Kati ya hizi mbili ningechagua hii, mradi daktari awe anaifanya mara kwa mara.

Ila wengi hawahitaji hata moja. Meno bandia ya juu hushikwa na kaakaa kwa kunyonya, ya chini yanaelea kwa sababu ulimi unayasukuma kila neno. Vuta meno ya mbele ya juu kwenda nje: yakiachia upesi, mara nyingi ukingo wa nyuma hauzibi vizuri, na hilo hurekebishwa bila kutoboa mfupa. Chini, implanti 2 zenye vishikizo vya kubana zinatosha, na wataalamu waliokutana Montreal mwaka 2002 walipendekeza hivyo kwa asiye na meno ya chini. Juu, kwenye mfupa mlaini, mbili hazitoshi, zinatakiwa angalau 4.

Kabla ya yote, omba kuona dawa zake zote, si zile anazozikumbuka tu. Vidonge vya alendronati au sindano ya asidi ya zoledroniki, dawa za kuzuia mifupa isidhoofike, vinaweza kuacha jeraha lisilofunga, mfupa ukichungulia nje. Waliochomwa sindano hiyo kwa ajili ya saratani ndio walio hatarini zaidi.

Halafu itazame mikono yake. Meno ya kuvua, binti yake atayasugua kwenye beseni. Daraja, yaani safu ya meno iliyokazwa kwenye implanti kwa skrubu, halitoki, na siku mzee akianza kusahau watu, kuna atakayelazimika kupitisha brashi chini yake huku yeye ameuma midomo.