Viazi vya Kigezi: kuvuna haraka au kusubiri ngozi ishike?

Huko Kabale, Rubanda na Kisoro, wilaya za Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, viazi mviringo vingi huvunwa majani yakiwa bado mabichi, kwa kuwa lori la Kampala limeshafika na bei inapendeza. Hoja ya mkulima ina uzito. Aliyekodi shamba hawezi kungoja huku ada ya shule inadaiwa, na mvua ikizidi, viazi huozea ardhini. Palipoingia mnyauko wa bakteria, kuchelewa ni hasara tupu.

Hata hivyo, kiazi kichanga ngozi yake haijashika. Kikisuguana na wenzake ndani ya gunia huchunika, pale palipochunika hugeuka kahawia, maji hupotea na uozo hupata pa kuingilia. Kipimo ni dole gumba: chimbua mashina machache hapa na pale, usugue. Ngozi ikitoka, kata mashina usawa wa udongo na usubiri siku 10 hadi 14. Kama kulikuwa na bakajani chelewa, ugonjwa unaounguza majani, toa majani yote shambani kwanza. Vimelea vyake vikigusa viazi wakati wa kuvuna, ugonjwa huhamia ghalani.

Tusimlaumu mvunaji peke yake. Madhara mengi huanzia kwenye tuta. Mistari ikipishana sentimita 75 na miche sentimita 30, udongo wa kupandishia, yaani wa kurundikia mashina, unatosha. Ikibanana, tuta huwa jembamba, viazi huchungulia juu, jua huvifanya kijani na nondo wa viazi hutaga mayai. Vingine husambaa pembeni, ndipo jembe linapovikata. Pandishia mara mbili, mara ya kwanza miche ikifika sentimita 15 hadi 20. Urea ya kuchelewa nayo huyaweka majani mabichi na ngozi haikomai.

Siku ya kuvuna, jembe liingie pembeni mwa tuta, kama sentimita 20 kutoka kwenye shina, kisha liinue udongo. Asubuhi za Kigezi ni baridi, na kiazi baridi hupondeka kwa urahisi. Weusi wa ndani huonekana siku ya pili, kikimenywa. Subiri jua lipashe udongo.

Kwa maoni yetu kusubiri ndiko bora, ila penye mnyauko. Lakini mnunuzi anayelipa kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, bei ileile kwa kiazi kilichokomaa na kilichochunika, hampi mkulima sababu ya kusubiri wiki mbili.