Mkishamfundisha nesi CPAP, msimhamishe wodi

Hili la CPAP, mashine ya kumsaidia mtoto kupumua, nalisema kwa uchungu kabisa. Mtoto njiti aliyezaliwa mimba ikiwa na wiki 30 mapafu yake yanakuwa bado hayana ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visinatane, kwahiyo kila akitoa pumzi vinasinyaa na inabidi avifungue upya kwa nguvu zake zote, utamuona kifua kinabonyea, pua zinatanuka, anaguna kila pumzi, na akichoka kabisa ndo anaacha kupumua.

CPAP ya mapovu inamsaidia bila kumwingiza mpira kwenye koo. Hewa iliyochanganywa na oksijeni inaingia kwa vimipira viwili vya puani, halafu mpira wa kutolea unazamishwa kwenye chupa ya maji, ukiuzamisha sentimita 5 umepata presha ya sentimita 5 za maji na vifuko vinabaki wazi. Kitu chenyewe sio kigeni, CPAP kwa watoto wachanga ilianza kuandikwa Marekani 1971, na hapa jirani Blantyre, Malawi, walitumia mashine ya bei nafuu iliyobuniwa na Rice University, matokeo yakatoka 2014: waliowekewa walipona asilimia 71, waliopewa oksijeni ya kawaida 44. Utafiti ulikuwa mdogo, ila mimi kwenye hilo sina ubishi.

Sasa huko huko Malawi, Salima, wakajaribu kwa watoto wakubwa kidogo wenye nimonia kali, hospitali ya wilaya, bila daktari kuwasimamia kila siku, na ripoti ya 2019 ilionyesha waliowekwa CPAP walikufa asilimia 17 na wa oksijeni ya kawaida 11. Wale sio njiti, najua, lakini mtu anayegawa mashine kwa hospitali za wilaya asome hiyo ripoti mara mbili.

Maana hii mashine inataka jicho la mtu. Mapovu yakikata kuna hewa inavuja mahali, labda mtoto kaachama mdomo, labda vimipira ni vidogo kuliko pua zake. Vikibana sana vinakula ule ukuta wa katikati ya pua. Tumbo linajaa hewa, usipoweka mpira wa tumboni linasukuma mapafu juu. Haya yote nesi anayajua akishakaa wodi ya njiti muda mrefu, halafu kila wakipanga zamu upya anapelekwa wodi ya wanaume, analetwa mwingine ambaye hajawahi hata kuishika hiyo chupa!

Waganga wafawidhi na mamatroni, waacheni hawa manesi wakae hapo hapo, tafadhalini sana. Na bajeti ya CPAP iwe na kichanganya oksijeni pamoja na kile kipimo cha oksijeni ya kwenye damu cha kufunga mguuni, kwa njiti aliye kwenye oksijeni tunataka kisome asilimia 90 hadi 95, kikikaa 100 siku nzima macho yake yanaweza kuharibika.