Kanisa likigeuka baa, ufunguo anashika nani?

Picha za makanisa ya Ulaya na Marekani yaliyogeuzwa baa huzunguka sana kwenye makundi yetu ya WhatsApp, na maoni yanayofuata ni yale yale: siku za mwisho zimefika. Uchungu huo nauelewa. Mtu aliyelelewa katika kanisa ambalo kugusa bia kunatosha kukuondoa kwenye kwaya hawezi kuona kaunta ya vileo mahali palipokuwa na mimbari akapita kimya. Ila picha haisemi jengo lilifungwa lini, liliuzwa na nani, wala sasa ni mali ya nani. Kwangu mimi swali hilo la mwisho ndilo zito.

Tuanze na yale yanayochukiza. Pittsburgh, Marekani, kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohane Mbatizaji lilifungwa mwaka 1993, na kufikia 1996 likawa mgahawa wenye kiwanda chake cha bia, Church Brew Works. Matangi ya kupikia bia yamesimama altareni, na mabenchi ya waumini yalikatwa vipande yakawa viti vya wateja. Dublin nako, kanisa la St. Mary's, alikohubiri John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, mwaka 1747 na alikofungia ndoa Arthur Guinness, mwasisi wa bia ya Guinness, mwaka 1761, leo ni baa iitwayo The Church. Hizi ni biashara za watu binafsi, na utakatifu wa zamani wa jengo ndio unaovuta wateja. Matangi yale pale altareni siwezi kuyatetea.

Lakini baa ya wanakijiji ni jambo jingine. Katika vijiji vingi vya Uingereza na Wales duka limefungwa, posta imefungwa, baa nayo imefungwa, na wazee wanakaa wiki nzima bila mtu wa kuzungumza naye. Baadhi ya vijiji vimeamua kuchanga. Llithfaen, kaskazini mwa Wales, wakazi walichukua baa yao, Tafarn y Fic, mwaka 1988 na kuiendesha wenyewe. Siku hizi kijiji kinachofanya hivyo husajili chama cha ushirika: unanunua hisa, na aliyeweka pauni 100 ana kura moja sawa na aliyeweka 10,000. Hisa huwezi kumuuzia tajiri kutoka nje, na faida inabaki kwa manufaa ya kijiji. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye mkutano mkuu wa chama cha msingi cha kahawa au pamba anaujua utaratibu huu, pamoja na kelele zake.

Llithfaen baa ilikuwa baa tangu zamani. Penye kanisa tupu mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu mshindani wa wanakijiji mara nyingi si mchungaji mwingine. Ni mnunuzi anayetaka kuligeuza nyumba ya likizo, aje wiki chache kiangazi, miezi iliyobaki mlango ukiwa na kufuli. Kati ya hayo mawili, naona baa inayomilikiwa na watu wa pale pale iko karibu zaidi na nia ya waliolijenga: watu kukutana, kusaidiana, kuimba, kuwaaga wafu wao.

Hata hivyo waliolijenga walikuwa na msimamo juu ya pombe, na hapa watetezi wa baa huteleza haraka mno. Kanuni za Wesley za mwaka 1743 zilikataza kununua, kuuza na kunywa pombe kali isipokuwa kwa dharura kubwa. Wales, nguvu ya waumini wa makanisa yaliyojitenga na Kanisa la Anglikana ilileta sheria ya mwaka 1881 ya kufunga baa zote Jumapili, na wilaya ya mwisho kuiacha, Dwyfor, ilifanya hivyo mwaka 1996. Huo haukuwa ushupavu mtupu. Wake wa wachimba makaa walijua mshahara unaishia wapi. Makanisa ya aina hiyo hiyo huko Uingereza, kwa sadaka za watu wa kipato kidogo, ndiyo yaliyomtuma mmisionari Thomas Wakefield hadi Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862, na Methodisti ya Kenya ikaanzia hapo. Majengo haya yanatuhusu kuliko tunavyodhani.

Wapo wanaojibu kwamba majengo ya ibada hubadilika siku zote. Ni kweli. Msikiti wa Brick Lane, London, ulijengwa mwaka 1743 kama kanisa la Waprotestanti wa Kifaransa, ukawa wa Wamethodisti, ukawa sinagogi mwaka 1898, ukawa msikiti mwaka 1976. Sinema kubwa ya Gaumont State, Kilburn, iliyokuwa imegeuzwa ukumbi wa bingo, ilinunuliwa na kanisa la Ruach. Waafrika wengi wa London wanasali katika kumbi kama hizo, kwa hiyo tukidai kila jengo libaki kama lilivyojengwa, wa kwanza kukosa pa kusali ni sisi. Ila kutoka bingo kwenda kwenye sala na kutoka kwenye sala kwenda bia si safari moja kwa mtu mwenye imani, na hoja hii haimfuti machozi.

Kuna pia wanaobaki nje ya mlango: anayepambana kuacha pombe, Mwislamu wa mtaa wa pili, binti aliyelelewa na baba mlevi. Baa inayojiita ya wote na haina chai ya asubuhi wala chumba kisicho na kileo si ya wote.

Kwa hiyo naiunga mkono baa ya wanakijiji ndani ya kanisa lililofungwa, kwa masharti. Makaburi yaliyo uani yaachwe wazi kwa ndugu kuyazuru bila kupita kaunta. Kibao chenye majina ya vijana waliokufa vitani kibaki ukutani. Na pale ambapo kanisa liliuza kwa sharti lililoandikwa kwenye hati kwamba pombe isiuzwe humo, kama Wamethodisti walivyofanya mara nyingi, ushirika usikimbilie kulipa wakili alifute wakati waumini wa mwisho wangali hai hatua chache kutoka pale. Wafungue mgahawa na maktaba kwanza, wawaite wazee hao kwenye mkutano mkuu, na suala la bia lipigiwe kura nao wakiwa wamo ukumbini.