Nafikiri, kwa Hiyo Nipo: Je, Sarufi Yaweza Kutukomboa?

Sentensi mashuhuri ya mwanafalsafa Mfaransa Descartes husomeka hivi kwa Kiswahili: "Nafikiri, kwa hiyo nipo." Wengi huipita tu, ilhali kile kiambishi -po cha mwisho ni cha mahali. Mfaransa yule alikusudia nafsi isiyo na mwili wala makazi. Kiswahili kimempa pa kukaa kabla hajamaliza kusema. Mwanafalsafa Kwasi Wiredu wa Ghana (1931–2022) aliliona jambo hilohilo katika Kiakan, lugha yake, ambamo kuwa ni kuwa mahali fulani, akalijengea hoja kwamba baadhi ya mambo tunayoyapokea kama falsafa ya wanadamu wote ni mazoea ya lugha chache za Ulaya. Kuyapima mazoea hayo kwa lugha zetu, na kuyaacha yasiyosimama, ndiko alikokuona kuwa kuondoa ukoloni katika dhana.

Hoja hiyo ni nzito, hasa kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam anayesomeshwa falsafa kwa Kiingereza na kupokea, pamoja na majibu, hata maswali ambayo asingeyauliza mwenyewe. Hata hivyo, njia ya kuitafuta falsafa ndani ya lugha na mila ina historia yenye doa. Mwaka 1945 Placide Tempels, mmisionari Mbelgiji aliyeishi na Waluba wa Katanga, nchini Kongo, alitoa kitabu kilichodai kwamba kwa Wabantu kuwa ni nguvu. Kiliwaheshimu watu walioambiwa hawana fikra, lakini wasomaji kiliowakusudia walikuwa Wazungu wenzake, na Aimé Césaire, mshairi wa Martinique aliyeupinga ukoloni, hakukosea alipokikejeli: heshima kwa falsafa ya Mwafrika haikumgharimu mkoloni kitu, kwa kuwa haikugusa ujira wala ardhi.

Alexis Kagame, padri wa Rwanda, alikwenda mbali zaidi mwaka 1956. Kutokana na sarufi ya Kinyarwanda alitoa mafungu manne ya vyote vilivyopo: umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu, yaani mtu, kitu, mahali na namna. Mswahili akisoma huhisi yuko nyumbani, na hapo ndipo inapofaa kuwa na tahadhari. Kwa Kagame mnyama yumo katika ikintu, kwa kuwa hana akili. Lakini sisi husema "simba amelala" kama tunavyosema "mtoto amelala", na kijana, kiongozi na kipofu, waliovikwa ki- ya vitu, hupatanishwa kama watu. Mti nao, ulio hai, huachwa nje: "umeanguka". Ikiwa sarufi ndiyo falsafa, basi lugha mbili ndugu zimeugawa ulimwengu kwa namna mbili zinazopingana, na hakuna mjadala utakaoamua ipi ni sahihi, maana hakuna aliyewahi kuitetea yoyote kati yake.

Kwa sababu hiyo naegemea kwa Paulin Hountondji wa Benin, aliyekataa mwaka 1976 kile kinachoitwa ethnofalsafa: mawazo ya kabila zima yasiyo na mtu wa kuyajibia. Ila yeye naye aliubana mlango mno kwa kuifunga falsafa na maandishi. Henry Odera Oruka wa Kenya aliufungua kwa kuwahoji wazee mmoja mmoja na kuwanukuu kwa majina yao, wakiwemo waliopingana na mila za jamii zao.

Nikirudi kwenye "nipo", hata Wiredu hawezi kuachwa bila swali. Shekhe na padri wote husema "Mungu yupo", na hakuna muumini anayeuliza yuko chumba gani. Yaelekea -po imekwisha kulegeza mahali pake, au labda inakishikilia kitu ambacho wasemaji hawajakichunguza. Swali hilo laweza kujadiliwa kwa Kiswahili, na Waswahili, bila kupitia Paris. Jambo la ajabu kidogo ni kwamba Wiredu alizitetea lugha zetu kwa Kiingereza, na Kagame kwa Kifaransa.