Namba Aliyoibeba Kichwani

Tangu sehemu ya The Constant ya Lost, tamthilia ya watu walionaswa kisiwani, irushwe Marekani tarehe 28 Februari 2008, mashabiki wamekuwa makundi mawili: walioishia kulia, na walioishia kuchora mistari ya miaka kwenye daftari. Wenye machozi huwashangaa wenzao. Simu ya Desmond imepokelewa, Penny, mpenzi wake wa zamani, kasema anampenda, ninyi bado mnauliza muda ulipindaje?

Mimi niko upande wa madaftari. Tena nasema yale machozi yenyewe yametokana na hesabu.

Chukua ile namba ya simu. Akili ya Desmond wa mwaka 1996, askari kambini, inaruka na kuingia kwenye mwili wa Desmond wa 2004 aliyemo ndani ya helikopta. Sayid, mwenzake wa kisiwani, yuko pembeni yake, lakini Desmond hamjui. Akili ndiyo inayokwenda na kurudi. Mwili haubanduki, na mfukoni hakivuki kitu, hata kikaratasi. Kwa hiyo lazima Penny aitamke namba yake, na Desmond aikariri. Penny mwenyewe ameshaachwa na bwana huyu na hataki hata kumwona mlangoni. Halafu anaambiwa: nipe namba, sitaipiga kwa miaka minane, nitapiga mkesha wa Krismasi wa 2004. Mimi ningemfungia mlango! Penny anamtajia namba ili aondoke tu.

Mara ya kwanza donge lilinikaba kooni nikadhani ni ule muziki. Mara ya tatu nikaangalia na kalamu mkononi, ndipo nikaelewa. Kwa Desmond, kati ya kupewa namba na kuipiga zimepita dakika chache. Kwa Penny imepita miaka minane, na simu ni ileile. Mtu habaki na namba moja muda wote huo kwa bahati, hasa namba aliyompa mtu aliyemfukuza. Bila kupiga hesabu hiyo, unaona wapenzi wawili wakipigiana kelele kwenye simu inayokatika.

Wenye madaftari nao wana lao. Wanagombana hadi leo kuhusu mashine ya mwanafizikia Daniel Faraday, ya kurusha akili katika muda: Faraday wa kisiwani wa 2004 anamtuma Desmond ampelekee Faraday wa Oxford wa 1996 vipimo vya kuitegeshea, 2.342 na hezi 11. Sasa nani alivigundua? Kuku na yai. Wengine wanaliita tundu la hadithi. Sioni shida, mzunguko ule umefungwa makusudi, na anayetaka kuufungua anataka tamthilia nyingine. Kinachonikosesha usingizi ni Eloise, panya ambaye Faraday anairusha akili yake mbele kwa mashine hiyo. Anapita kwenye njia ambayo Faraday hajamfundisha bado, tunashangilia, kisha anakufa kwa kuruka huko. Hapo ndipo unajua Desmond anahitaji nanga, mtu aliyepo katika miaka yote miwili, la sivyo atamfuata panya.

Kwa hiyo simu inapopokelewa, ni uhai wake umepokelewa.

Wapo walioridhika na maneno ya mapenzi ya simuni wakainuka. Wakakosa dakika ya mwisho: Faraday kisiwani anafungua daftari lake mwenyewe na kukuta aliandika zamani kwamba mambo yakiharibika, Desmond Hume ndiye atakayekuwa nanga yake. Waliokuwa bado wanafuta machozi ikabidi warudishe nyuma.