Boti ya Cromer na mashua ya mjomba

Mara ya kwanza niliingia pale makumbusho ya Cromer kukimbia mvua. Cromer ni mji mdogo wa wavuvi wa kaa, pwani ya Norfolk, na mimi huku Uingereza nimeletwa na kazi ya kulea wazee. Makumbusho hayamo katika starehe zangu. Nikajikuta nimesimama mbele ya boti ya uokozi ya mbao, futi 46, imepakwa rangi kama itashushwa majini kesho.

Ni H F Bailey, iliyoundwa 1935. Nahodha wake alikuwa Henry Blogg, mvuvi wa kaa ambaye siku za joto alikodisha viti ufukweni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili meli za makaa ya mawe zilipita hapo kwa misafara kwenda London, pwani giza totoro kwa kuwaogopa Wajerumani, na karibu yao mafungu ya mchanga ya Haisborough. Agosti 1941 meli sita za msafara mmoja zilipanda mchanga. Moja sitaha yake ilishafunikwa na maji, watu wameng'ang'ania bomba la moshi. Blogg akaona ubavu wa meli umepasuka, akaiingiza omo, yaani pua ya boti, ndani ya ufa ule na kuishikilia hapo kwa injini mpaka watu wakateremka. Mimi mtoto wa Nungwi, Unguja, najua kukaribia chombo penye mawimbi ni kazi gani. Kujichomeka makusudi ndani ya chuma kilichochanika! Siku ile boti hii ilitoa watu 88. Oktoba, Blogg ana miaka 65, wimbi likamtupa majini na wenzake wanne; mmoja akafa.

Baada ya vita ilipelekwa Helvick Head, Ireland, kisha ikauzwa. Mwaka 1991 ikanunuliwa, ikarudishwa Cromer. Miaka yake kumi ya kazi Cromer ilitoka mara 128, ikaokoa watu 518. Hesabu hizo hukuti mtu akizibishania, maana kila safari iliandikwa siku zile zile.

Nyumbani tukizungumza haya, utasikia: "Wenzetu wana serikali." Si serikali. Boti hizi ni za chama cha hisani kilichoanza 1824, kinaishi kwa michango, na mabaharia wake wengi ni watu wa kujitolea. Watu wa aina hiyo kwetu wamejaa. Huku jirani yangu hajui jina langu. Nungwi mtu akichelewa baharini usiku, ufukwe mzima unasimama. Ushujaa hatukupungukiwa. Tulichopungukiwa ni daftari.

Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya abiria Spice Islander ilipozama ikienda Pemba, wavuvi ni miongoni mwa waliowaokota watu, wengine wakielea juu ya magodoro. Kwanza tuliambiwa miili 203. Baadaye tume ikataja waliopotea zaidi ya elfu moja. Waliokufa wenyewe tumewahesabu kwa shida hivyo, nani atawahesabu waliookotwa, na kwa chombo cha nani?

Mjomba wangu alikuwamo kati ya wavuvi hao. Mashua yake ilikuja ikaoza mkuku, ikavunjwa, mbao zikapikiwa. Silaumu, kuni ni kuni. Lakini hata ubao mmoja?

Nilimtumia picha ya H F Bailey. Akanipigia hapo hapo. Hakuuliza habari za vita.

"Wameiweka juu miaka yote hiyo? Mbona haipasuki? Wanatia sifa, mafuta ya papa?"

Nikamwambia kule hakuna jua. Akacheka. Nikamuuliza, siku ile ya meli, alipakia wangapi. Nilisikia akivuta kiti.

"Safari ya kwanza kumi na mmoja, wawili watoto. Ya pili sikuhesabu, mjomba."